Mstari wa Nne, Kutoka Lango Lipi?

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawabembeleza. Yupo mtu aliyezikwa na mguu mmoja akafukuliwa na miwili. Yupo binti aliyefagia kaburi la mwanamume asiyemjua miaka tisa mfululizo, akipiga magoti pale kila Jumamosi na kumwita mama. Na ipo kompyuta iliyokataa uongo, ikanyamazishwa na watu wenye haraka. Akili yako ikigoma, pumzika, kunywa maji, urudi. Utanikuta hapa hapa.

Binti mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kazini jina lake walishalisahau, wanamwita Dada Masjala, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa chumba cha kumbukumbu cha makaburi ya manispaa. Ni chumba chenye dirisha moja lisilofunguka na madaftari makubwa ishirini na mawili yenye majalada ya kitambaa, yanayonuka ukungu kama viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda. Akili alizichukua upande wetu. Mimi shule niliiacha mapema. Walimu walikuwa wamebaki nyuma, sikutaka kuwaaibisha.

Zamani kila kaburi lilikuwa na kibao kidogo cha chuma chenye namba. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja kufungua mizani yao ng'ambo ya barabara, vibao vikaota miguu. Ndani ya miaka mitatu hakikubaki hata kimoja cha kuonyeshea wageni. Tangu hapo marehemu wakabaki madaftarini tu: jina, tarehe, mstari wa ngapi, kaburi la ngapi. Mtu akija kumtafuta wake, Dada Masjala anafunua kurasa nusu siku huku anapiga chafya, kisha anamtuma mchimbaji akahesabu kwa kidole kutoka langoni.

"Namtafuta baba."

"Alifariki mwaka gani?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi."

Haya, tafuta mvua kwenye daftari!

Ndipo akaamua kuwatoa wote humo na kuwaingiza kwenye kompyuta. Hakuna aliyemtuma. Mwaka mzima, saa ya chakula, wenzake wakienda kula yeye alibaki na simu, anasikiliza masomo ya kutengeneza programu za mtandaoni, anasimamisha, anajaribu, inakataa, anarudia. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imeng'oka kitufe cha herufi R, akawa anakibonyeza kwa ncha ya kalamu. Na kazi ya makaburi, hebu jaribu kuiandika siku nzima bila R.

Wachimbaji wakipita dirishani hawakumwacha salama.

"Dada Masjala, hao ukishawaingiza wote humo, umeme ukirudi ghafla si watafufuka?"

"Wakifufuka watakutafuta wewe, wakuulize kwa nini shimo lilikuwa fupi."

"Basi na mimi nitengee nafasi humo. Ila tarehe usijaze."

Akajenga hifadhidata yenye majedwali matatu. La kwanza la marehemu, la pili la makaburi, la tatu la ndugu pamoja na namba zao za simu. Majedwali hayo yanajuana: ukimshika marehemu, anakupeleka kaburini kwake, halafu anakuonyesha nani wa kumpigia. Mbele yake akaweka ukurasa mweupe usio na mbwembwe, kisanduku kimoja cha kuandika jina na kitufe kimoja cha Tafuta. Rekodi elfu tisa na ushei, amezichapa kwa mkono wake moja baada ya nyingine. Mimi kuandika barua moja tu napumzika njiani.

Alipokuwa anakaribia mwisho, ikaja barua kutoka ofisi ya barabara. Barabara kuu inapanuliwa, itakula mistari sita ya chini ya makaburi. Waliolala hapo wahamishwe ndani ya miezi mitatu. Mwenye ndugu anayejulikana, ndugu watapelekewa ujumbe kwa simu, waje wamchukue mtu wao wamlaze upya kwa heshima. Asiye na rekodi atatiwa kwenye gunia jeupe, na magunia yote yatazikwa shimo moja kwenye kona ya ukuta. Hapo ndipo kazi ya mpwa wangu ilipoacha kuwa ya saa ya chakula. Mtu mmoja akikosewa mstari, ndiyo basi. Watoto wake hawatamwona tena.

Ofisi ya barabara ilikuwa na mfumo wake, ikataka kuuliza mfumo wa Dada Masjala moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Kwa hiyo akaongeza kile wanachokiita API. Msitishike na jina. Ni kidirisha kama kile cha ofisini: unasimama nje, unauliza swali lako kwa namna iliyopangwa, unapewa jibu, chumbani huingii. Kompyuta ya barabara itauliza, "Mistari sita ya chini wamelala nani, na ndugu zao ni nani?" Kidirisha kitajibu. Basi. Wala hakina maneno mengi kama mimi.

Ila kulikuwa na tatizo la lango.

Makaburi yale yako kwenye mteremko, mistari arobaini. Zamani lango lilikuwa chini, barabarani, na wachimbaji walihesabu kutoka hapo wakipanda. Miaka ishirini iliyopita lango la chini likazibwa kwa ukuta, likafunguliwa jingine juu, na siku hizi wanahesabu kutoka juu wakishuka. Sasa ngazi ya nne ukipanda siyo ngazi ya nne ukishuka. Mstari wa nne kutoka chini ni wa thelathini na saba kutoka juu. Daftari limeandika "mstari wa nne" likanyamaza. Aliyeandika alijua ni kutoka lango lipi, na hakufikiri kuna siku atakuja asiyejua.

Kwa hiyo programu ilihitaji tarehe moja: waliozikwa kabla yake wahesabiwe kutoka chini, waliozikwa baada yake wahesabiwe kutoka juu. Meneja wa makaburi, bwana mmoja anayependa muhuri kuliko chakula, akatoa barua ya zamani ya kuhamisha lango.

"Tarehe hiyo hapo. Weka."

"Bosi, ningewauliza kwanza waliokuwa wanachimba enzi hizo. Wanasema kiongozi wao, Mzee Chepe, bado yupo, anakaa nyuma ya kiwanda cha sabuni."

"Una barua yenye muhuri mkononi, unataka ukamuulize mtu wa chepe? Ijumaa tunazindua."

Akaiweka. Na hapo hifadhidata ikagoma. Yeye mwenyewe alikuwa ameipa sharti: kaburi moja, mtu mmoja. Ikamrudishia rekodi hamsini na nane, kila moja na ujumbe ule ule, kaburi hili lina mtu tayari. Akaziangalia. Ya sita ilikuwa ya mama yake: mstari wa nne, kaburi la kumi na saba. Humo humo palikuwa na fundi saa mmoja, asiye na ndugu hata mmoja kwenye jedwali, aliyezikwa miaka mitano baadaye.

"Mama yako kapata mwenzi," akasema mchimbaji aliyechungulia dirishani.

"Koma."

Meneja hakuona tabu. "Watu huzikwa wawili wawili. Mume na mke, mama na mtoto. Ondoa hicho kizuizi."

"Mama yangu hakuolewa na fundi saa."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Utajua ya wakubwa?"

Ndipo akanipigia mimi. Alikuwa amesimama nje, upepo unaingia kwenye simu.

"Mjomba, mama tulimzika juu au chini?"

Nikwambieni kitu. Naweza kukutajia mabao ya mechi ya miaka thelathini iliyopita, nani kafunga na kwa mguu gani. Ila siku ile ya dada yangu sikuona kitu, nilikuwa natazama viatu vyangu vikijaa tope. Mtu mwingine angesema hajui. Kinywa changu hakijazoea hilo.

"Juu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nakwambia juu! Tulipita langoni, hatua hamsini hazikufika. Mimi si ndiye niliyetangulia?"

"Haya, mjomba. Asante."

Kwa sauti yake nilijua nimempunguzia mzigo. Nikarudi kuchagua viazi vyangu sokoni, nimejipongeza.

Akaondoa kizuizi, ni mstari mmoja tu wa maandishi, hauzidi urefu wa kidole. Zile hamsini na nane zikaingia bila neno. Halafu akafanya jaribio la mwisho. Akaandika jina la mama yake kwenye kisanduku, akabofya Tafuta. Hata sekunde haikuisha: mstari wa nne, kaburi la kumi na saba, kutoka lango la juu. Akatoka na simu mkononi, akahesabu mistari, akahesabu makaburi, akafika palepale alipoonyeshwa na mchimbaji alipoanza kazi, palepale alipokuwa anafagia miaka yote, kwenye ua lake alilopanda ndani ya kopo la rangi. Akacheka peke yake kwa furaha. Programu nzima aliipima kwa kaburi moja aliloamini analijua, nalo ndilo alilokuwa halijui.

Ijumaa wageni wakaja na meneja akavaa suti. "Mfumo wangu," alisema, "mfumo wangu utaondoa usumbufu." Wakati wa picha Dada Masjala aliombwa asogee kidogo, alikuwa anaziba bango.

Kompyuta ya barabara ikauliza, kidirisha kikajibu. Ujumbe ukatumwa, watu wakaja. Siku mbili za kwanza zilikuwa za wenye ndugu, na yeye alishinda pale kwenye jua na orodha yake, anaonyesha, anafariji, anashika mkono. Wazee walimwombea dua. Mtu mmoja alimbusu kiganja. Ningekuwa mimi, ningeuzunguka mji mzima nikizisimulia siku hizo mbili.

Siku ya tatu asubuhi, wachimbaji walipoanza yale yasiyo na rekodi, fundi cherehani mmoja akaingia masjala bila hodi. Mita ya kupimia bado ilikuwa inaning'inia shingoni.

"Dada, jana nimemhamisha baba yangu kwa orodha yenu."

"Ndiyo kaka, nakukumbuka. Pole sana."

"Baba yangu alikatwa mguu miaka minne kabla hajafa. Tulimzika na mguu mmoja. Huyu niliyemchukua ana miwili."

Dada Masjala akaigeukia kompyuta.

Meneja akajibu kutoka mlango wa pili. "Udongo ule una tabia ya kuchanganya mambo, ndugu yangu. Mvua, mizizi..."

"Mzee," akasema fundi, taratibu kabisa, "mguu hauoti."

Dada Masjala akatafuta jina la baba wa fundi. Alikuwa mmoja wa wale hamsini na nane, kahesabiwa kutoka juu. Hakuaga mtu. Alitoka mbio mpaka nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamkuta Mzee Chepe amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakaza miguu ya kiti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa madaftari? Kaa."

"Sikai, babu. Lango lilipohamishwa, mlianza lini kuhesabu kutoka juu?"

"Lango walihamisha wao. Sisi hatukuhama."

"Una maana gani?"

"Maana yake niliendelea kuhesabu kutoka chini mpaka siku niliyostaafu. Miaka miwili na miezi mitano. Mteremko nimeuchimba maisha yangu yote, halafu mtu wa ofisini aamke siku moja aniambie nihesabu kichwa chini miguu juu? Walionirithi ndio waliogeuza, hao waoga wa makaratasi."

"Mbona hukumwambia mtu?"

Mzee akaweka nyundo chini. "Nani aliuliza?"

Dada yangu alizikwa miezi kumi baada ya lango kuhamishwa. Mpwa wangu hakuhitaji kompyuta kufanya hesabu hiyo. Mama yake alikuwa chini, barabarani, mstari wa nne kutoka lango ambalo halipo. Akampigia yule mchimbaji mtani wake huku anakimbia.

"Mko mstari gani?"

"Wa tano, dada. Leo tunakwenda kasi, utatusifu."

"Na wa nne?"

"Wa nne tumeshaumaliza kitambo."

Alipofika alikuta mashimo matupu, yamepangwa vizuri kama meno. Magunia meupe yalikuwa yamelundikwa ukutani, kila moja limeandikwa kwa rangi nyeusi HANA REKODI. Namba hazikuwepo, kwa sababu orodha ilisema wasio na rekodi hawana namba.

"La kumi na saba ni lipi?" akauliza.

Mchimbaji akavua kofia.  "Dada, tumeyaweka pamoja. Orodha ilisema hawana wenyewe."

Akarudi masjala. Akafungua programu, akabadilisha tarehe ile moja, akaisogeza mbele miaka miwili na miezi mitano. Tarakimu chache tu, hata R haikuhitajika. Akakiuliza kidirisha upya swali lile lile la ofisi ya barabara. Safari hii kikatoa majina thelathini na moja ambayo hayakuwemo mara ya kwanza, watu waliokuwa wamelala mistari ile kweli, pamoja na namba za simu za ndugu zao. Kwenye jina la mama yake, mtu wa kujulishwa ilikuwa namba yake mwenyewe.

Akaichapa orodha, akaipeleka kwa meneja.

"Simamisha shimo, bosi. Hawa wana wenyewe. Nipe kesho tu, niwaite, tujaribu kuwatambua mmoja mmoja."

"Orodha ilishasainiwa. Tingatinga la barabara liko njiani."

"Mama yangu yumo."

Meneja akaitazama karatasi ile muda mrefu, akitafuta muhuri. "Pole. Lakini tarehe uliweka wewe. Mfumo ni wako, dada."

"Ijumaa ulikuwa wako."

 Meneja akasimama kufunga dirisha, nalo lilikuwa limefungwa tayari.

Akapiga simu thelathini, ya kwake akairuka. Kumi na tisa hazikupatikana. Waliopokea walikuja, wengine na nguo za kazini. Walipofika, udongo ulikuwa umefika kwenye mdomo wa shimo. Akawaeleza yeye mwenyewe, hakujificha nyuma ya mtu. Mama mmoja alimpiga kofi. Hakuinua mkono kujikinga. Mwingine, mzee wa miaka mingi, alimuuliza tu, "Sasa nisimame upande gani?" Hilo lilimuuma kuliko kofi.

Mwezi haukuisha, wakamhamishia dawati la vibali vya maegesho ya magari. Meneja alipata cheti cha ubunifu, kimetundikwa juu ya rafu ya madaftari. Programu bado inafanya kazi, na sasa inasema kweli. Andika jina la dada yangu utaona: mstari wa nne, kaburi la kumi na saba, kutoka lango la chini. Mahali hapo pana lami, malori yanapita.

Alikuja kwangu Jumapili moja, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Mjomba, kwa nini ulisema juu?"

Nikaanza na mvua ya siku ile, nikaja kwenye tope, nikaingia habari za umati ulivyokuwa. Aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Nilikuuliza swali moja," akasema. "Nilikuuliza wewe kwa sababu ulikuwa mkubwa."

Jumamosi bado anakwenda. Kwanza anasimama kwenye kona ya ukuta, pale penye tuta refu lisilo na kitu juu yake. Halafu anapanda kwa yule fundi saa, anamfagilia, anamwagilia ua lake. "Hana mwingine," aliniambia nilipomuuliza. Ameandika barua nne kwa manispaa, akiomba liwekwe jiwe kwenye tuta, lenye majina yale thelathini na moja. Majina yapo, yamenyooka, hayana kosa tena. Wanachotakiwa ni kuyachonga tu.

Na msidhani mambo yaliishia hapo. Mimi si mtu wa kuona damu yangu inadharauliwa. Nilivaa koti langu, nikaingia ofisi kuu bila miadi, nikagonga meza mpaka vikombe vikacheza, na wiki iliyofuata likaja jiwe jeupe, urefu wake kama mtu aliyesimama, majina yote yamechongwa, la dada yangu juu kabisa, na siku ya kulizindua mji mzima ulikuwepo, meneja akalia mbele za watu, akamshika mpwa wangu mkono, akamwambia kwa sauti ya kutetemeka kwamba yeye ndiye—

"Mjomba."

Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Hakuna jiwe," anasema. "Andika hakuna."